Acha Domo, Njoo Ushone

Mimi ni fundi makochi, na hasira zangu ziko karibu. Nasema mapema ili mtu asije akashangaa.

Wiki ile maji yalikuwa yamenifika shingoni. Hoteli mpya ilikuwa inafunguliwa Ijumaa, na makochi yake yote yalikuwa kwangu: mbao tayari, sponji tayari, nguo hayana. Mshonaji wangu alikuwa amechukuliwa na karakana ya jirani. Nisingepata mwingine, kazi ingeondoka na mteja asingeonekana tena.

"Weka tangazo mtandaoni," mke wangu akasema. "Siku hizi watu wanaajiriwa huko huko."

Nikaweka, pamoja na picha ya kochi nililojikongoja kulishona mwenyewe. Lo, walivyojitokeza! Mmoja alituma picha yake kavaa miwani ya jua, basi. Mwingine ukurasa wake ulijaa makochi mazuri, mpaka nikaona moja ni langu mimi. Nilicheka nikakaa chini.

Kisha akaja mtu anayejiita Sindano, picha yake ua jekundu. Akaandika hadharani: "Pembe ya kulia imeshonwa kwa hasira. Wageni wawili tu wakikalia, itaachia."

Kwa hasira! Nani kamwambia? Nikamjibu papo hapo: "Kama unajua sana, acha domo, njoo ushone."

"Kesho asubuhi," akajibu.

Mke wangu, aliyekuwa akisoma begani kwangu, alikimbilia jikoni. Nikamsikia anacheka peke yake.

Asubuhi nafungua karakana, nani kasimama mlangoni? Mama mkwe wangu, mkasi mkubwa kwapani.

"Shikamoo mama. Kuna nini nyumbani?"

"Marahaba. Nyumbani kwema. Domo nimeliacha huko. Cherehani iko wapi?"

Jamani! Nilitamani ardhi ipasuke. Mama aliyenizalia mke, nimemtukana mbele ya dunia nzima!

"Mama, nisamehe. Sikujua ni wewe."

"Ungejua, ungeniita?"

Mama huyu alishona viti vya mabasi kiwandani mpaka kiwanda kikafungwa, na tangu hapo sisi tunamwita kubeba wajukuu tu.

"Kila nikija kwenu mnanipa mto niegemee," akasema. "Hakuna anayeniuliza mto umeshonwaje. Leo sikuja kumsalimia mkwe. Nimekuja kuomba kazi. Nijaribu kama unavyowajaribu wengine."

Basi nikampa pembe yangu ya kulia. Akaifumua, akaishona upya bila haraka. Nikaivuta kwa nguvu zangu zote, haikutikisika.

"Vuta kwa hasira," akanichokoza.

Alhamisi jioni makochi yote yalikuwa yamevaa, na watu wa hoteli wakayabeba wakitabasamu. Furaha ilinijaa. Nikaanza kumshukuru mama kwa adabu zote za mkwe, nikamwambia umetusaidia sana, sasa nenda kapumzike.

Uso ulimshuka, akachukua simu yake, akaanza kubonyeza.

Yangu ikalia mfukoni. Mtu alikuwa ameuliza chini ya lile tangazo, ambalo nilisahau kulifuta: "Nafasi bado ipo?"

Sindano alikuwa ameshamjibu: "Imejaa."

Nikainua macho. Alikuwa ananitazama juu ya miwani yake, mkasi ungali mkononi.

Nikaandika chini yake, watu wote waone: "Ni kweli. Imejaa."