VIP ya Avenue Nzima

Kama hukuwa Ndosho ile Jumamosi, pole sana, ulikosa. Hata wagonjwa walitoka kitandani kuja kuona nani atashika ufunguo wa robine yetu, bomba letu la maji.

Robine ni moja kwa avenue nzima, mtaa wote, na maji yanakuja siku yanapotaka. Yasipokuja tunashuka mpaka Kituku kuchota maji ya ziwa, halafu tunasukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao, kupanda juu ya yale mawe ya volkano mpaka mutu anasahau jina la baba yake. Kwa hiyo mwenye ufunguo si mutu mudogo. Wakubwa wengine wako mbali. Prezidanti wa robine unakutana naye kila asubuhi.

Miaka yote prezidanti alikuwa Mama Cibalonza, mujane wa upande wa Bukavu, filimbi shingoni, ulimi kama wembe. Tulimuheshimu. Kumupenda, eh, tusidanganyane. Kwake, bido yako, lile dumu la maji, ikifika ya mwisho inachota ya mwisho, hata kama wewe ni pasteri. Siku wakwe walipokuja kuposa binti yake, bido yake mwenyewe ilikuwa nyuma kabisa ya musitari, na hakuisogeza. Wakwe walikaa mbele ya fufu inayopoa, wakingoja maji ya kunawa, wakitazama mikono yao. Lakini tangu mume wake afe, ule ufunguo ndio uliofanya watu wamusalimie kwanza njiani. Bila ule ufunguo angekuwa mujane tu kama wajane wengine, na yeye alilijua hilo kuliko sisi.

Ndipo akatokea Papa Paulin. Huyu anauza simu na televisheni, ana koti la bluu, na alikuwa ametoka kufanya formasio, mafunzo ya uongozi, katika hoteli moja ya kando ya ziwa. Alirudi na cheti ndani ya kadre ya kioo, na maneno mawili ambayo hayakumutoka tena mudomoni: vizio, yaani maono, na valeri, yaani maadili. Robine ni mwanzo tu, alisema. Baadaye komini, manispaa yenyewe, baadaye mbali zaidi.

"Kiongozi bila vizio ni kama pikipiki bila taa!"

"Papa Paulin," akamujibu Kahambu, muuza nyanya, "pikipiki yako mbona iko bila taa?"

"Taa iko njiani, mama. Hiyo njo vizio yenyewe."

Hiyo vizio yake alizunguka nayo nyumba kwa nyumba, akinong'ona. Na ajabu, avenue hii ambayo siri hailali hata usiku mumoja, hakuna aliyemwambia jirani yake kile alichoambiwa.

Jumamosi ikafika. Muzee Barthélemy, karani wa zamani kutoka Masisi, ndiye alisimamia kura, na kura ya kwetu haina makaratasi: unasimama nyuma ya mutu unayemutaka, unahesabiwa, basi. Paulin alihutubia mpaka watoto wakaanza kulala. Mama Cibalonza akasimama, akasema, "Vizio yangu munaijua. Ni musitari." Akakaa.

"Na valeri je, mama?" Kahambu akamuchokoza.

"Valeri ni kwamba jana wewe ulifika wa mwisho, na ukachota wa mwisho."

Tulicheka, lakini kucheka si kupiga kura. Muzee Barthélemy alipotoa ruhusa, nyuma ya Paulin watu walijipanga mpaka kwa seremala na kukunja kona. Nyuma ya Cibalonza alikuwa Muzee Mulumeoderhwa peke yake, na huyo alikuwa amelala kwenye kiti chake pale pale tangu asubuhi. Mama alifunga mukono wake juu ya ufunguo, hakutazama mutu.

Hesabu haijafika hata kwa seremala, robine ikakohoa.

Kile kikohozi sote tunakijua. Maji!

"Mama, ufunguo," Paulin akasema, mukono mbele. "Watu wamesema."

Cibalonza akamupa. Akaenda kuweka bido yake chini, akasimama kando yake.

Paulin akafungua robine kwa madaha. "Sasa munaiona vizio kwa macho! Misitari miwili! Huku ordineri, watu wa kawaida, huku VIP. VIP wangu, mbele!"

Avenue nzima ikaenda VIP.

Tukatazamana. Kahambu akamushika jirani yake kanga. "Na weye unafanya nini hapa? VIP aliniambia miye peke yangu!"

"Peke yako? Miye alisema itakuwa siri ya miye na yeye!"

Philomène, muke wa Paulin, akageuka pole pole. "Siri gani?"

Hapo mutu mumoja akaona kwamba ordineri kuko bido ya Cibalonza tu na Muzee aliyelala. Watu mbio, ordineri! VIP ikabaki wazi. Watu mbio, VIP! Mabido yakagongana, mutu akapoteza kandambili, na maji yakamwagika juu ya mawe ya volkano, ambayo yanakunywa kila kitu na hayasemi aksanti.

"Utulivu!" Paulin akalia, koti limelowa mpaka kiunoni. "Valeri, ndugu zangu! Valeri!" Bido ikamupiga gotini. "Mama Cibalonza! Saidia!"

"Miye? Miye ni ordineri."

Paulin akamuletea ufunguo kwa mikono miwili, kama mutu anayeleta mahari.

Filimbi ikalia. Hata mbwa wakasimama.

"Nyuma yangu! Bido kwa bido, kama mulivyofika asubuhi!"

Kila mutu alijua vizuri sana alifika nyuma ya nani. Musitari ukanyooka.

"Na hii bido mpya hapa mbele?"

"Ya kwangu, mama," Paulin akasema. "Nilikuwa na hotuba..."

"Hotuba haishiki nafasi."

Paulin akaibeba mpaka mwisho, nyuma ya muke wake, ambaye bado alikuwa anangoja kuelezwa ile siri.

Muzee Barthélemy akavaa miwani. "Nilikuwa sijamaliza kuhesabu. Kura ni kusimama nyuma ya mutu. Miye naona avenue yote nyuma ya Mama Cibalonza."

"Muzee, hapana!" Paulin akapaza sauti kutoka mukiani. "Huku tunapanga musitari wa maji tu!"

"Kama wewe hauko wake, papa, toka tu kwenye musitari. Nitakuhesabu kando."

Paulin akatazama bido yake tupu. Akatazama robine, ambayo ilikuwa imeanza kupunguza nguvu. Akafungua mudomo.

"Thubutu," Philomène akasema.

Akabaki.