Rangi za Kope la Mbuzi

Simu ya Beatrice ilimkuta Editha dukani kwake, steshenari ndogo pale Kilosa mjini. Beatrice alikuwa afisa mifugo upande wa Mikumi, mtu wa salamu ndefu, lakini siku hiyo alisalimia kwa mkato. Mbuzi wawili wa mama mmoja mfugaji, Naeku, walikuwa wamekufa, na wote wawili kadi ya kupimia macho, iliyochapishwa dukani kwa Editha, ilionyesha ni wazima. Akauliza kama kadi zote zilitoka sawasawa na ile ya kwanza aliyoikubali.

Editha alitaka kusema ndiyo. Akasema, "Ngoja niangalie, dada."

Kadi hizo zilikuwa na rangi tano, kuanzia nyekundu iliyokolea hadi nyeupe. Mfugaji hufunua kope la chini la mbuzi na kulilinganisha na kadi. Wekundu ni uzima. Weupe maana yake minyoo imemnyonya damu, apewe dawa upesi. Ile ya kwanza Editha aliichapisha mwenyewe. Zilizobaki zilichapishwa na mumewe, Samson, kwa kompyuta ya pili, siku Editha alipokwenda mazishini Chanzuru. Aliporudi alizikata na kuzifunga bila kuzitazama mara mbili.

Alitafuta moja iliyosalia, akatoka nayo juani pamoja na ile ya mfano. Rangi zote zilikuwa zimepauka. Kope la mbuzi mgonjwa lingefanana kabisa na rangi ya mzima.

Alimpigia Beatrice hapo hapo, akamwambia ukweli, akamwomba awaambie wafugaji waziache zile kadi. Kisha yeye na Samson wakakaa kwenye kompyuta. Picha ilikuwa ileile, printa ileile, wino uleule, na bado kila kompyuta ilitoa rangi yake. Editha aliogopa kuchapisha upya akakosea tena. Walihangaika hadi Samson alipoona tofauti. Kwenye kompyuta ya Editha, programu iliiachia printa kazi ya kurekebisha rangi. Kwenye yake, programu ilirekebisha kwanza, halafu printa ikarekebisha tena kilichokwisha kurekebishwa.

"Arekebishe mmoja tu," Editha akasema.

Wakaiachia printa. Katika kompyuta zote mbili Editha akaondoa machaguo mengine yote ya rangi, akabakiza moja, ili yeyote atakayebonyeza apate kitu kilekile. Pembeni mwa kila karatasi akaweka ukanda mwembamba wa rangi, ulinganishwe na mfano kabla mkasi haujagusa. Wakachapisha huku, wakachapisha kule. Zikafanana. Hata hivyo hakuziamini, akazipitia moja moja.

Kesho yake alipanda basi la kwanza kwenda Mikumi. Njiani alifungua bahasha mara kadhaa, akihofia rangi zimebadilika tena.

Beatrice alimfikisha bomani kwa Naeku. Editha akamwamkia shikamoo, na Naeku akaitikia marahaba bila kumtazama. Editha alishika mbuzi wa kwanza, akafunua kope, akaweka kadi mpya. Kope jeupe. La wa pili jeupe pia. Beatrice akaanza kuchanganya dawa.

"Macho yangu yaliniambia hawa wanaumwa," Naeku akasema. "Nikaiamini karatasi."

Editha akamwomba radhi. Naeku akamsogezea mbuzi mwingine amshike pembe.

Walifanya kazi mpaka jua likawa kali. Jike mmoja mwenye mimba alikuwa amelala, hawezi kusimama, na Beatrice hakuahidi kitu. Kwa siku zilizofuata Editha alishtuka kila simu ilipolia. Hatimaye Beatrice akampa habari: jike yule alikufa, waliobaki walikuwa wakila.

Kabla hajakata simu akaongeza kwamba Naeku anaomba kadi nyingine, za dada yake kule kijiji cha Ulaya, wilayani humohumo Kilosa. Editha akamjibu kwamba hatampa mtu azipeleke. Atazipeleka mwenyewe, na Naeku azikague kwanza kwa macho yake.