Rimu za Mwalimu Degenhart

Theluji ya kwanza ilianguka Alhamisi, na kufikia saa tatu asubuhi mji mzima ulikuwa umepanga foleni kwenye karakana yangu ya matairi. Tangu mwanzo wa Oktoba nilikuwa nawaomba waje. Wakaniambia jua bado linawaka, Walburga, tuache tupumue. Sasa kila mtu ana haraka, na kila mtu anaona mimi ndiye niliyechelewa.

Katikati ya foleni akatokea Mwalimu Degenhart na gari lake la buluu la mbio, akilitambaza kwa mwendo wa jongoo kwa sababu bado lilikuwa na matairi ya kiangazi. Alistaafu zamani, lakini hapa Allgäu, milimani kusini mwa Ujerumani, atabaki kuwa Mwalimu. Alinifundisha hisabati miaka minne. Mitihani yangu ilirudi na maneno yale yale ya wino mwekundu, “Jibu halijajaribiwa,” na chini yake tano, ambayo kwa alama za shule zetu, moja ikiwa ya juu kabisa, ni kufeli. Mara moja jibu lilikuwa sahihi kabisa, akanipa tano vilevile. Nina miaka arobaini na saba na bado linaniuma.

Jumamosi alikuwa anamwoza binti yake, Svenja, katika kanisa dogo la juu mlimani. Tangu mtoto ana miaka saba alimwahidi kumpeleka kwenye harusi yake kwa gari linalonguruma, na gari hilo alilinunua kwa ajili ya siku hiyo. Bila matairi ya baridi lisingepanda hata mita kumi. Gari jingine lililokuwa tayari ni langu la kazi, lenye picha ya marehemu baba yangu amekumbatia tairi. Svenja alikuwa ameshaiona picha hiyo, na alisema ni afadhali apande kwa miguu.

Mwalimu akafungua buti. Humo, ndani ya blanketi, mlikuwa na magurudumu mawili meusi yanayong'aa, mpira wa baridi umeshavalishwa. Mengine mawili yalikaa kiti cha nyuma, yamefungwa mkanda.

“Nifungie haya,” akasema.

“Uliyajaribu, Mwalimu?”

“Nimeyakokotoa.” Akatoa karatasi. “Inchi kumi na nane badala ya kumi na tisa, ili mpira uwe mnene uvumilie mashimo. Ofseti, yaani kiasi gurudumu linavyoingia ndani, milimita arobaini na tatu, kwa hiyo gurudumu halitokezi nje ya bodi wala haligusi springi kule ndani. Inabaki nafasi ya milimita sita. Nimepiga hesabu mara mbili.”

“Nauliza kama uliivalisha rimu tupu kwenye gari ukaizungusha kwa mkono kabla ya kutia mpira.”

“Walburga, hesabu sahihi haihitaji kuzungushwa kwa mkono.”

Nikapandisha gari, nikavua gurudumu la mbele, nikavalisha jipya, nikalizungusha. Likatoa mkwaruzo wa kusisimua meno, kisha likagoma. Kipande kikubwa chekundu kinachobana diski ya breki kilikuwa kimekutana na mikono ya rimu, ile inayotoka katikati kwenda ukingoni.

“Mwalimu!” Xaver, mfugaji wa ng'ombe, akapaza sauti kutoka kwenye foleni. “Hiyo ndiyo sauti ya milimita sita?”

“Namba ni sahihi!”

“Ni sahihi,” nikasema. “Ila mikono ya rimu hii imepinda kuingia ndani, na hilo halimo kwenye namba. Naweza kuweka bamba la kuisukuma nje kidogo.”

“Bamba hilo lina cheti cha ukaguzi kwa gari hili?”

“Halina.”

“Basi simpeleki mwanangu kanisani bila cheti.”

Nilikuwa nimeingoja siku hiyo zaidi ya miaka thelathini. Nikachukua chaki ya nta ya manjano, ile tunayoandikia magurudumu ya wateja lipi la mbele lipi la nyuma, nikaandika juu ya ile rimu yake nyeusi: Jibu halijajaribiwa. 5.

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mwalimu akavaa miwani, akasoma.

“Ndivyo nilivyokuwa nakuandikia?”

“Kila mara. Na ulisoma kwa sauti mbele ya darasa.”

Akakaa juu ya rundo la matairi. “Ulikuwa ukatili,” akasema polepole. “Nisamehe, binti. Sasa nitamwambia nini Svenja?”

Raha yote ikaniishia pale pale. Nikaenda stoo, nikarudi na rimu nne tupu za kijivu alizoniachia daktari wa meno alipouza gari lake. Inchi kumi na nane, upana ule ule, ofseti arobaini na tatu, mikono imenyooka. Na cheti chake kwa gari la aina hii.

“Namba ni zile zile kabisa!” Mwalimu akalalamika. “Na mbaya hivi! Zina rangi ya uji wa jana.”

“Vaa glavu. Zungusha.”

Akavalisha mwenyewe, akazungusha, sikio amelibandika kwenye rimu. Kimya. Akazungusha tena. Mara ya tatu macho yake yalikuwa yamelowa. Nikahamisha mpira kutoka rimu nyeusi hadi zile za kijivu, na foleni ikasubiri.

Jumamosi tulilisikia gari kabla ya kuliona. Likapanda kwenye theluji likinguruma, likasimama mbele ya kanisa, na Svenja akashuka akicheka. Mwalimu akaniita kando.

“Na sasa unanipa ngapi?”

Chaki ilikuwa kwenye mkoba. Nikachuchumaa na gauni langu la harusi ya watu, nikaandika mbili kwenye rimu.

“Kwa nini si moja?”

“Umekabidhi kwa kuchelewa.”

“Hakuna kanuni kama hiyo!”

“Baba!” Svenja akaita kutoka mlangoni, ameshikilia gauni lisiguse theluji. “Watu wanatungoja!”

“Nakuja, mama,” Mwalimu akajibu, bila kuondoa macho kwenye rimu. “Kuna alama hapa haijakubalika.”