Maombi ya Chumba cha Pembeni

Saa kumi na moja na dakika hamsini asubuhi msichana alikuwa amekaa kizingitini, viatu miguuni, kamba zimefungwa mafundo mawili mawili, akimngoja baba yake amalize chai. Ofisi ya elimu ilikuwa mwendo wa nusu saa tu na hufunguliwa saa mbili. Lakini katikati ya njia palikuwa na mtaa wa wachomeleaji, na wachomeleaji walianza kugonga mabati saa kumi na mbili na nusu.

"Baba, hiyo chai umeipuliza mara kumi na tisa. Imeshapoa."

"Nakuja, Mkaguzi. Usiniandikie ripoti."

Mtaa mzima ulimwita Mkaguzi. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na tangu ajue kusoma hapakuwa na bango, risiti wala kadi ya harusi iliyompita bila kusahihishwa. Darasani alikuwa wa kwanza miaka minne mfululizo.

Mwanzoni mwa mwezi ulifanyika mtihani wa majaribio. Watahiniwa walikuwa mia mbili na kumi na sita, kila mmoja na kiti chake cha chuma, juu ya sakafu ya saruji. Kila aliyejisogeza, kiti chake kililia. Msichana aliandika nusu saa, akaweka kalamu chini taratibu, akatoka. Mwalimu wa hesabu alimkuta nyuma ya tangi la maji amejikunja, viganja vimeganda masikioni, meno yamekazana. Kwa mujibu wa kanuni, anayetoka ukumbini kabla ya muda huhesabiwa hakufika. Alipewa sifuri.

Mtihani wenyewe, ule wa kuingia sekondari, ulikuwa Jumatatu. Leo ilikuwa Alhamisi, siku ya mwisho ya kupokea maombi ya chumba cha pembeni: chumba kidogo, mtahiniwa mmoja, msimamizi mmoja. Baba yake, fundi cherehani, alikuwa amefunga duka kwa ajili hiyo. Fomu aliijaza mwenyewe, kwa uangalifu wa mtu anayekata kitambaa cha bei cha mteja mkorofi.

Karani wa mapokezi aliipitia, akairudisha.

"Fundi, sehemu ya tatu haiachwi wazi. Weka alama. Haoni, hasikii, hatembei, au mzito wa kujifunza."

"Anasikia. Tatizo lake anasikia kupita kiasi."

"Kupita kiasi hatuna."

"Sasa niweke wapi?"

"Weka mzito wa kujifunza. Wote wasio na pa kuwekwa tunawaweka hapo."

Fundi alimtupia jicho binti yake, aliyekuwa anasoma tangazo la kizimamoto ukutani na kutikisa kichwa. Akaweka alama. Mkono ulikuwa mzito kuliko huyo mzito wa kujifunza.

Karani aliinama karibu. "Atapewa maswali arobaini. Akipata chini ya thelathini, chumba anapata leo leo. Akifika thelathini, mnarudi nyumbani. Mimi sijasema kitu."

Walikaa kwenye benchi la korido. Fundi alikuna kidevu kwa muda.

"Mama," alisema. Alimwita hivyo kila alipotaka kumbembeleza. "Leo ukosee kidogo."

"Nikosee yapi?"

"Yoyote. Kumi na moja hivi."

"Nikiandika jibu la uongo, litabaki pale limeandikwa."

"Basi usiandike. Ruka."

Msichana alifikiri. "Niruke kwa utaratibu gani?"

"Wewe ruka tu, kama mbuzi."

"Mbuzi naye ana utaratibu, Baba."

"Haya, utakaouona unafaa. Ila kumi na moja yasipungue."

Afisa wa upimaji alikuwa mwanamke wa makamo, miwani ameipandisha kwenye paji la uso. Msichana alimwamkia, akaitikiwa, akaonyeshwa meza ya dirishani. Nje ya dirisha hilo jenereta ilinguruma na kukohoa. Msichana alisimama hatua mbili kutoka kwenye kiti, akavuta pumzi, akakaa. Aliziba sikio la kushoto kwa kidole, la kulia akalikandamiza begani, na katika hali hiyo akaandika kwa dakika ishirini na mbili. Jasho lilimtoka puani na kudondokea karatasi.

"Mbona anaandika kama amevunjika shingo?" afisa aliuliza.

"Jenereta," fundi alijibu.

Afisa alisahihisha kwa kalamu nyekundu, harakaharaka, kama mtu aliyewahi kusahihisha madaftari mengi. "Ishirini na nane," alisema.

Fundi alishusha pumzi aliyokuwa ameishika tangu asubuhi.

Lakini kalamu ilirudi juu ya karatasi. "La pili halina kitu. La tatu. La tano. La saba. La kumi na moja, la kumi na tatu..." Afisa aliinua uso. "Umeacha namba tasa! Zote zisizogawanyika."

"Ndiyo. Baba alisema niruke kumi na moja, lakini hadi arobaini zipo kumi na mbili. Sikuona ipi niionee."

Afisa alicheka mpaka miwani ikateremka yenyewe puani. Fundi aliangalia viatu vyake.

"Majibu unayajua?"

Msichana aliyataja yote bila kutazama karatasi, sikio bado limebanwa begani. Alikwama kwenye moja tu. "La kumi na saba halijibiki. Mmesahau kuweka upana."

Afisa alilisoma swali la kumi na saba mara mbili. "Swali hili lina miaka sita hapa," alisema polepole, kisha akakata ishirini na nane na kuandika arobaini.

"Afisa," fundi alisema, "kosa ni langu, mimi ndiye niliyemfundisha. Lakini umemwona anavyoandika."

"Nimemwona."

"Basi."

"Fundi, fomu hainiulizi nimeona nini. Inaniuliza amepata ngapi. Msaada ni wa wanaoshindwa. Mlete akishaanza kushindwa."

"Ataanza Jumatatu."

"Basi njoo Jumanne."

Aliposema hivyo alikuwa ameacha kucheka, na hakumwangalia mtu. Aligonga muhuri: HASTAHILI. Kwenye mstari wa sababu aliandika, kwa mwandiko mzuri wa ualimu, *uwezo wa juu*.

Saa nane mchana fomu ilikuwa mezani kwa mwalimu mkuu. Aliisoma hadi mwisho, akaisoma na nyuma ambako hakukuwa na kitu.

"Chumba siwezi," alisema. "Nikimtoa ukumbini bila kibali, shule nzima inafutiwa matokeo. Kiti chake nacho kina namba, kimepangwa kutoka juu."

"Na miguu ya kiti?" fundi aliuliza.

"Miguu ya kiti imefanya nini?"

"Ndiyo inayolia. Kanuni inasemaje kuhusu miguu?"

Mwalimu mkuu alichukua kijitabu cha kanuni, akakifungua, akaanza kulamba kidole na kugeuza kurasa.

"Viti vipo ukurasa wa tisa," msichana alisema kutoka upande wa pili wa meza, akikisoma juu chini. "Umbali kati ya kiti na kiti, na namba. Miguu hawakuitaja."

"Viti ni mia mbili na kumi na sita, Fundi."

"Miguu mia nane sitini na minne," msichana alisema.

Mwalimu mkuu alifunga kijitabu. "Sijaruhusu, sijakataza. Ukumbi unafungwa saa kumi na mbili."

Fundi alikwenda dukani na kurudi amebeba kiroba cha vipande vya blanketi, bunda la lastiki na mikasi miwili. Walikaa sakafuni mwa ukumbi. Fundi alikata, msichana alikunja kila kipande mara tatu, kisha fundi akakifunga kwenye mguu wa kiti kwa lastiki. Baada ya robo saa mwalimu wa hesabu alichungulia mlangoni.

"Fundi! Siku hizi unashonea viti?"

"Ndio wateja wasiolalamika, Mwalimu."

Mwalimu alivua koti, akalitundika dirishani, akapiga magoti.

"Mwalimu, lastiki unazungusha mara mbili," msichana alisema baada ya viti vitatu. "Sisi tunazungusha tatu."

"Samahani, Mkaguzi." Akarudia vyote vitatu.

Ilipofika saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, viti sitini na vinne vilikuwa tayari. Fundi alijinyoosha, mkono kiunoni. Msichana alichukua kiti kimoja, akakivuta juu ya saruji hadi ukutani, akakirudisha. Alifanya hivyo mara ya pili, kwa kasi. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye kiti, hakuna uliopanda sikioni.

Mlinzi alikuja na funguo. Vilikuwa vimebaki viti mia moja hamsini na viwili, na siku ya Ijumaa. Mlinzi aliwasubiri watatu hao watoke, akafunga ukumbi.