Walimu Waliohudhuria

Jumatatu, saa kumi na dakika kumi jioni, Mwalimu Mokeira alifuta ubao, akachukua mkoba, akatoka katika darasa la Gredi ya Saba na kujikuta ameingia katika darasa la Gredi ya Saba. Akatoka tena. Mara ya tatu akauweka mkoba mezani, akaanza kusahihisha madaftari.

Wanafunzi walipita mlango uleule bila shida. Mmoja alimwita mwalimu mkuu, Bwana Onchiri, aliyekuja akasimama nje ya kizingiti.

"Wewe si ulienda lile kongamano la mtaala mpya kule Homa Bay?"

"Nilienda. Niliwaambia hatuna maabara, na mimi mwalimu wa Kiswahili ndiye ninayefundisha sayansi."

"Ukatia sahihi?"

"Ya mahudhurio tu. Kila mtu alitia."

Onchiri akamwonyesha ripoti ya kongamano kwenye simu. Ukurasa wa mwisho, chini ya maneno "Walimu wanaounga mkono", ilikuwa orodha ileile ya mahudhurio.

"Basi ni hiyo sahihi inayokuzuia," alisema. "Shule ya Sindo nako wako walimu wawili waliokwama hivi."

Mume wa Mokeira, Nyangau, anayeuza ndizi sokoni Rodi Kopany, alileta godoro, ndoo, na ugali kwa omena. Sabato ilipofika, waumini wenzake Mokeira walikuja kuimba nje ya dirisha, wakaomba, wakaenda kula.

Wiki ya tatu alikuja mheshimiwa mbunge pamoja na afisa wa elimu. Mbele ya wazazi, mbunge alimsifu Mokeira kuwa mwalimu asiyetoka kazini. Wakampigia makofi. Mokeira alimwomba afisa alifute jina lake.

"Hakuna shida, madam. Ila lazima uje ofisini mwenyewe. Ni dakika tano tu."

"Siwezi kutoka."

"Naelewa. Basi tuandikie barua."

Aliandika nne. Zote zilijibiwa kwamba maoni yake yamepokelewa.

Kilichomuuma zaidi ni jioni, sauti za watoto zilipopotelea njiani. Mwanzoni alikuwa akisimama mlangoni kutazama mahindi ya jirani yakirefuka. Baadaye alikigeuza kiti, kikaelekea ubao.

Januari, binti yake Moraa alipanda Gredi ya Saba. Nyangau alimleta hadi kizingitini, sare mpya, soksi zimevutwa hadi magotini. Mtoto akaketi mstari wa mbele. Mama yake alikuwa amechora hadubini ubaoni, kubwa, na kila sehemu ina jina. Moraa akainua mkono.

"Mama, hiyo tutaiona lini?"

"Humu niite mwalimu," Mokeira alisema. "Nakili mchoro."