Pampu Iliyoachwa Madhabahuni

Umuhoza alikata roho Jumanne asubuhi, ameung'ang'ania mlango wa jikoni kwa mikono miwili. Pampu zake za pumu hazikuwapo. Wiki tatu nyuma aliziweka madhabahuni, akashuhudia mbele ya kanisa zima kwamba amepona, watu wakapiga vigelegele. Kifua kilipoanza kumbana tena, aliona haya kwenda kununua nyingine. Muuza dawa wa mtaani kwao, Niboye, alikuwa mwimbaji wa kwaya ya kanisa lilelile.

Dada yake, Mukasine, hakulia sana. Alikwenda kituo cha afya akamwuliza muuguzi Valens yote aliyokuwa akiyasikia mtaani, akaandika majibu kwenye daftari. Pampu haimfanyi mtu mtumwa. Ya kila siku inazuia mirija ya hewa isivimbe, kwa hiyo haiachwi hata mgonjwa akijisikia mzima. Ya bluu ni ya kufungua kifua kikibana.

"Ukiletewa maneno mengine," Valens akamwambia, "uliza nani kasema. Ukikosa jibu, njoo unisumbue mimi."

Siku ya kumaliza matanga ndugu walijaa uani. Wengi walikulia ng'ambo ya mpaka, Ngara, hata ugomvi wao huwa wa Kiswahili. Shangazi Illuminée, aliyempeleka Umuhoza kwenye ule ushuhuda, akamvuta mbele ya watu Uwase, binti wa marehemu, wa miaka minane. Naye ana pumu.

"Huyu asizoeshwe madude. Lete hiyo pampu, mwanangu."

"Uwase, usimpe," Mukasine akasema.

"Ehe! Leo umekuwa daktari? Shule yenyewe uliishia wapi?"

"Ilinitosha kusoma karatasi ya dawa. Wewe ya Umuhoza uliisoma?"

Illuminée akachomoa simu, akafungua sauti iliyorekodiwa. "Haya, sikiliza daktari mwenyewe. Anasema pampu zinachosha moyo."

"Anaitwa nani?"

"Daktari!"

"Wa hospitali gani, shangazi? Hana jina?"

"Imetumwa kwenye kundi letu. Watu mia mbili wameisikiliza!"

"Na mmoja wao tumemzika."

Mjomba Mugenzi akakohoa. "Mukasine, mama, leo si siku ya hayo."

"Ndiyo yenyewe, mjomba. Kesho shangazi atakuwa ameshamchukua huyu mtoto."

"Umuhoza alipungukiwa imani," Illuminée akasema, kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani. "Ndiyo maana."

Mukasine akainuka. Akauchukua mkoba wa shangazi yake kitini, akatembea nao polepole hadi barabarani, akauweka chini kwenye vumbi.

"Alipungukiwa pumzi," akasema aliporudi. "Na aliogopa midomo yenu kuliko kufa. Toka."

Hakuna aliyemzuia shangazi kutoka, ila wanne walimfuata.

Mpaka leo Illuminée hajakanyaga pale, na nusu ya ukoo hawampokelei Mukasine simu. Uwase anaishi kwake. Anavuta pampu ya kila siku asubuhi na jioni, na kila mara anasukutua mdomo kwa maji ili dawa isibaki humo.