Mama wa Kitanda cha Tatu

Kindness alipoteza mtoto wake wa kwanza mikononi mwa wakunga asiowajua hata majina. Mimba ya pili ilipoingia alikataa kliniki, mpaka nilipopanda kwake migombani.

"Safari hii mkunga wako ni mmoja," nilimwambia. "Ni mimi, tangu leo mpaka arobaini iishe."

"Unaniahidi, dada Elisifa?"

"Nakuahidi."

Kwenye kituo chetu cha afya mpango huo tulikuwa nao wawili, mimi na Bernadetha, kila mmoja na akina mama wake. Simu zilitufuata hata kanisani, lakini sikuwahi kuipenda kazi kiasi kile. Ilipokuja fomu ya kuuliza kama tunaridhika na kazi, nilijaza kurasa zote nne, nikampa Bernadetha aiwasilishe pamoja na yake.

Wiki mbili baadaye mganga mfawidhi aliturudisha kwenye zamu. Mimi nilipangiwa chanjo za vijijini.

"Mmeomba wenyewe," alisema, akanionyesha fomu. Ilikuwa moja tu, kwa mwandiko wa Bernadetha: *Sote wawili tumechoka.*

Nilimkuta Bernadetha akikunja mashuka.

"Fomu yangu iko wapi?"

"Kwenye mkoba." Hakugeuka. "Nimechoka, Elisifa. Mume wangu anasema ameoa simu."

"Si ungeniambia?"

"Ningekuambia, ungenibembeleza. Na ukibembeleza wewe, nani anabisha?"

Huenda alisema kweli. Nilimsihi kwa ajili ya mama mmoja tu: Kindness akija kujifungua, aniite. Akaitikia.

Kesho yake asubuhi alinijia na jani la isale, mmea tunaoupanda mipakani. Kwetu anayekuja kuomba radhi na jani hilo humkatalii. Nililipokea kwa mikono miwili.

Alhamisi nilikuwa kijiji cha tatu, nachanja watoto. Simu yangu ilikuwa hewani siku nzima, na haikulia. Niliporudi jioni nilikuta jina la Kindness kwenye kitabu cha wazazi. Alikuwa amejifungua saa nane mchana.

Bernadetha alikuwa anavaa koti. "Ningekuita, ungeacha chanjo," alisema. "Tungeulizwa sote."

Nilienda nyumbani, nikapika mtori, supu ya ndizi ya wazazi, nikajaza chupa. Kwenye mpaka wa kihamba, shamba letu la migomba, nikakata jani moja la isale, nikarudi wodini.

Kindness alikuwa amelala na binti yake ubavuni, mzima, anapumua vizuri.

"Wameniita mama wa kitanda cha tatu," alisema. "Nimetaja jina lako mpaka nimechoka. Wakasema uko kwenye chanjo."

"Sikuitwa, Kindness."

"Lakini aliyeniahidi ni wewe."

Hilo lilikuwa kweli. Niliweka jani juu ya kanga yake. Akalichukua.

"Jani hili halikataliwi, unajua."

"Najua."

"Basi nimekusamehe." Akamvuta mtoto karibu. "Ila arobaini hii usije."

Nilitoka wodini na chupa yangu ya mtori, bado ya moto.